Ngamia Asiyeonekana Kasulu wala Kibondo

Msafiri anayetoka Kigoma mjini kwenda Kasulu huliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake na kuanza kupanda. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Buha vinafika na kupita mita 1,200. Hewa hubadilika, joto la mwambao wa ziwa hupungua, na pande zote mbili za barabara huonekana migomba, mihogo, maharage na mikahawa juu ya udongo mwekundu. Baada ya Kasulu njia huendelea kupitia Makere hadi Kibondo, na mbele yake Kakonko. Mvua huanza Oktoba au Novemba, ikaendelea hadi Aprili au Mei. Vijito vya nchi hii hukusanyika katika Mto Malagarasi, na bonde la mto huo pamoja na Moyowosi lina ardhi oevu kubwa kiasi kwamba mwaka 2000 iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza ya Tanzania kuingia katika orodha hiyo.

Katika nchi hii ya maji tuliketi na watoto wa madrasa baada ya Sala ya Alasiri. Somo la siku lilikuwa Suratul Ghaashiya, ambayo katika aya yake ya 17 Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) anawataka watu wamtazame ngamia namna alivyoumbwa. Watoto waliisoma kwa makhraji mazuri na kwa sauti moja. Wamekwisha kuhifadhi pia kwamba mwenye ngamia watano hutoa mbuzi mmoja katika Zaka, na kwamba ngamia mmoja, kama ng'ombe, huwatosha watu saba katika udhhiya. Lakini hapakuwa na mtoto hata mmoja miongoni mwao aliyepata kumwona ngamia kwa macho yake.

Ustadhi alipowaruhusu kuuliza, ulizuka ubishi kati ya ndugu wawili. Mdogo alisema kwamba nundu ya ngamia ni tangi la maji, na kwamba hivyo ndivyo alivyosikia katika mawaidha. Kaka yake, aliye kidato cha pili, alisema kwamba mwalimu wao wa baiolojia ameeleza kuwa ndani ya nundu mna mafuta. Mdogo akageuka, akauliza: "Sasa, Ustadhi, tumwamini nani?"

Swali hilo si dogo. Mtoto akipewa habari isiyo sahihi kwa jina la tafsiri ya aya, kisha akaenda shule akaonyeshwa ukweli, hataweza kutenganisha maneno ya mtu na maneno ya Mola wake. Ustadhi alilipima swali, akajibu: "Aya haikusema kwamba nundu ina maji. Aya imetuambia tutazame. Wasiotazama ndio waliosema ina maji."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni akaongeza ushahidi wa karibu. Watu wa Buha ni wafugaji wa ng'ombe tangu zamani, wakiwemo wale wa pembe ndefu, na nundu ya ng'ombe wanaijua. "Wanangu," alisema, "nundu mmeiona buchani. Nani kati yenu alimwona muuza nyama akiikata, maji yakamwagika?" Watoto walicheka, na ubishi ukaisha.

Basi ngamia anaishi vipi jangwani? Tuyapange majibu kwa utaratibu, ili wazazi na walezi wanaosoma ukurasa huu wapate la kuwaambia watoto nyumbani.

Tuanze na nundu yenyewe. Ni akiba ya chakula. Kwa ngamia aliyenawiri inaweza kubeba mafuta ya kilo 30 na zaidi, na njaa ikidumu huanza kusinyaa na hata kulala upande. Wanyama wengi hutandaza mafuta chini ya ngozi ya mwili mzima, kama mtu aliyejifunika blanketi. Ngamia ameyakusanya mahali pamoja mgongoni, na sehemu nyingine za mwili zikaachwa wazi kutoa joto. Ngamia wa Bara Arabu na Afrika ana nundu moja. Mwenye nundu mbili ni wa Asia ya Kati, na amezoea nchi zenye baridi kali.

Swali la pili ni la maji. Siri ya ngamia haimo katika kuweka maji mengi. Imo katika kuyapoteza kidogo kidogo. Mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Norwei, alikwenda Béni Abbès, katika jangwa la Algeria, katika miaka ya 1953 na 1954, akakaa na ngamia na kuwapima. Aligundua kwamba ngamia aliyenyimwa maji wakati wa kiangazi huacha joto la mwili wake lishuke hadi nyuzi 34 usiku, na kupanda hadi kupita nyuzi 40 mchana. Kwetu sisi wanadamu, mtoto akifika nyuzi 40 tunakimbia naye zahanati. Ngamia huchukua joto hilo mchana kutwa bila kutokwa na jasho jingi, kisha hulitoa bure usiku jangwa linapopoa. Kwa njia hiyo peke yake huokoa lita kadhaa za maji kila siku.

Pua yake nayo inafanya kazi. Pumzi inayotoka hupozwa ndani ya njia za pua zilizojikunja, na sehemu ya unyevu wake hubaki mwilini. Mkojo wake ni mchache na mzito, na kinyesi chake ni kikavu hivi kwamba watu wa jangwani huweza kukiwasha moto kikiwa bado kipya. Manyoya ya mgongoni, ambayo mtu angedhani yanamuumiza kwa joto, ni kivuli anachotembea nacho: Schmidt-Nielsen alipomnyoa ngamia mmoja, mnyama huyo alipoteza maji kwa asilimia 50 zaidi ya wenzake wenye manyoya.

Hata hivyo kiu humfika. Mwanadamu akipoteza maji ya kiasi cha asilimia 12 hivi ya uzito wake katika joto la jangwa, damu yake huwa nzito na uhai wake huwa hatarini. Ngamia anaweza kupoteza zaidi ya asilimia 25 na bado akatembea, kwa kuwa mwili wake huilinda damu na kutoa maji ya sehemu nyingine kwanza. Anapofika kisimani hunywa lita 100 na zaidi kwa muda wa kama dakika kumi. Watoto wa Kasulu na Kibondo wanaobeba maji kichwani wataelewa hesabu hiyo upesi: ni madumu matano ya lita 20. Mnyama mwingine akinywa hivyo baada ya kiu ndefu, chembe nyekundu za damu yake zingevimba na kupasuka. Chembe za ngamia zina umbo la yai, nazo hutanuka zaidi ya mara mbili bila kupasuka.

Siku ngapi anakaa bila kunywa? Hutegemea majira na malisho. Wakati wa baridi, akila majani mabichi, anaweza kukaa wiki nyingi asiguse maji. Katika kiangazi kikali, tena akiwa na mzigo, huhitaji kunywa baada ya siku chache au wiki moja hivi. Anayemfanyisha kazi mwezi mzima juani bila kumnywesha, akitegemea masimulizi, atamuua.

Swali la tatu ni la mchanga. Macho ya ngamia yana safu mbili za kope ndefu, na matundu ya pua yake hujifunga upepo wa vumbi unapovuma. Nyayo zake ni pana na laini chini, zina vidole viwili vinavyotanuka zinapokanyaga, zisizame mchangani. Kifuani na magotini ana sugu nene zinazomwezesha kupiga magoti juu ya ardhi yenye moto. Midomo yake huokota majani katikati ya miiba bila kuchomwa.

Baada ya hayo yote, binti mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliuliza lililokuwa zito kuliko yaliyotangulia. Alisema kwa staha: "Ustadhi, mbona Mwenyezi Mungu hakutupa ngamia na sisi? Au nchi yetu haina baraka kama ya Mtume?"

Jibu lake limeandikwa katika historia ya nchi hii hii. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wafanyabiashara wengi waliopita humo walikuwa Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani. Ngamia waliwajua vizuri. Zanzibar na Mombasa ngamia walizungushwa katika vinu vya kukamulia mafuta ya ufuta. Mbona basi hawakuwatia katika njia ya Ujiji? Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kichwani na mabegani, na punda walikuwa wachache. Aliyewazuia wanyama wa mizigo alikuwa mdudu mdogo kuliko nyuki wa mbao: mbung'o.

David Livingstone alilijaribu jambo hilo mwaka 1866. Alishuka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, akafuata bonde la Mto Ruvuma akitaka kujua kama wangestahimili. Waliumwa na mbung'o, wakatumikishwa kwa ukatili na baadhi ya watu wa msafara, na mmoja baada ya mwingine wakafa. Alipokutana na Stanley mjini Ujiji mwaka 1871, ngamia wale walikuwa wamekwisha kusahauliwa.

Mbung'o hubeba vijidudu vinavyoingia katika damu ya mnyama, vikamkondesha hadi afe. Na baadhi yake humpa mwanadamu ugonjwa wa malale. Watu wa Kibondo na Kasulu hawahitaji kusimuliwa sana habari hiyo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu hizi kutoka makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya pamoja kwa ajili ya malale. Wazee wanaweza bado kuonyesha mahali ambapo mababu walilima kabla ya pori kurudi. Nchi iliyowashinda wenyeji katika baadhi ya sehemu ingemwachia vipi ngamia, ambaye damu yake ni dhaifu mbele ya maradhi hayo?

Na hata mbung'o wasingekuwapo, kuna matope. Unyayo ule uliotengenezwa kwa ajili ya mchanga hauna kwato za kuchimba ardhi. Juu ya udongo mwekundu uliolowa, katika mteremko kama ile ya Kasulu mwezi wa Machi, miguu ya ngamia huteleza na kuachana, naye huweza kuvunjika. Neema aliyopewa kule ingekuwa mtihani kwake huku.

Kwa hiyo kukosekana kwa ngamia hapa hakuonyeshi upungufu wa baraka. Ngamia amewekwa panapokosekana mvua, awe maziwa, nyama, usafiri na hema kwa watu ambao bila yeye wasingeweza kukaa pale. Watoto wa Wajir, Marsabit na Mandera, kaskazini mwa Kenya, humwona kila asubuhi, kwa sababu mvua hawaioni kila mwaka. Katika ukame uliolikumba eneo hilo kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha na ng'ombe wakafa kwa wingi. Ngamia walistahimili kuliko ng'ombe, na hata Wasamburu, ambao tangu jadi ni watu wa ng'ombe, wameongeza ngamia katika mazizi yao. Hapa kwetu Tanzania wapo wafugaji wa upande wa Arusha waliofanya vivyo hivyo katika nyanda kavu. Kila nchi imepewa mnyama anayeiweza, na kila mnyama amepewa nchi inayomfaa.

Ustadhi alimjibu binti yule kwa Sura ile ile. Alimwambia aendelee na aya zinazofuata. Baada ya ngamia, Sura inaelekeza macho mbinguni, namna zilivyoinuliwa. Kisha milimani, namna ilivyosimamishwa. Kisha ardhini, namna ilivyotandazwa. "Vitu ni vinne," alisema. "Kimoja hakipo kwetu, tutajifunza kwa kitabu na kwa picha. Vitatu vipo nje ya mlango huu. Je, tumevitazama?"

Watoto waligeuka kuangalia nje. Upande mmoja palikuwa na vilima vinavyopandana kuelekea mpaka wa Burundi. Juu yake mawingu ya mvua ya jioni. Na chini, ardhi nyekundu iliyolimwa matuta. Haya wanayaona kila siku, na kwa sababu wanayaona kila siku, hawayatazami. Waarabu wa jangwani nao walikuwa na ngamia mlangoni mwao usiku na mchana, na bado walihitaji kuambiwa wamtazame.

Hapo ndipo lilipokuja swali la mwisho, la kijana wa kidato cha pili: je, nchi ya maji inaweza kugeuka jangwa? Inaweza. Katika Sahara, kwenye majabali ya Tassili n'Ajjer nchini Algeria, kuna michoro ya kale ya makundi ya ng'ombe na hata ya viboko. Maelfu ya miaka iliyopita palikuwa na maziwa na malisho pale. Mvua zikabadilika, ng'ombe wakatoweka, na ngamia akaja baadaye sana. Mabadiliko yale hayakuletwa na shoka. Lakini vilima vyetu vinayo mashoka. Kuni na mkaa wa miji inayokua, moto wa kusafishia mashamba, na mahitaji ya watu wengi wakiwemo wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta, ambao nao wanapika kama sisi, vimepunguza miti katika sehemu nyingi. Mteremko usio na mti huachia udongo wake uende na mvua, na chemchemi ya chini yake hukauka mapema. Wanaotangulia kulijua hilo ni mabinti wanaotumwa maji, maana mwendo wao huongezeka.

Ngamia ameumbwa asipoteze tone. Sisi tuliopewa mito tunaacha bomba likivuja msikitini wakati wa kutawadha, ilhali Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha maji kinachoweza kukusanywa katika viganja, na amekataza israfu ya maji. Ikiwa kuna jambo moja ambalo mtoto wa Kibondo anaweza kujifunza kwa mnyama ambaye hajamwona, basi ni hilo.

Na lipo la pili. Imepokewa kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Answari, ngamia aliyekuwamo alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume akampangusa hadi akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumwonya kwamba mnyama huyo amemlalamikia kwa kumnyima chakula na kumchosha kwa kazi. Ng'ombe wa kukokota jembe, punda wa mizigo na mbuzi aliyefungwa kamba fupi juani wana haki ile ile, ingawa hawana nundu.

Wazazi na walezi, tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, mtoto akiuliza habari ya viumbe na jibu hamnalo, mwambieni mtalitafuta pamoja, kwa mwalimu wa shule na kwa ustadhi, kuliko kumpa tulilolisikia njiani. Wawili hao wana kazi moja. Pili, siku moja kila wiki, baada ya Alasiri, mtokeni naye nje, akitazame kiumbe kimoja kwa makini: kwato za mbuzi, jani la mgomba linavyomwaga maji ya mvua, mchwa wanavyojenga kichuguu. Awaeleze alichokiona kabla ninyi hamjamweleza chochote. Tatu, mpeni mche wa kupanda katika mteremko ulio karibu na chemchemi mnayochota, na uwe jukumu lake kuutunza hadi ushike mizizi.

Allah atujaalie macho yenye kutazama na nyoyo zenye kuzingatia, awalinde watoto wetu na elimu isiyo na ukweli, na aidumishe mvua ya rehema juu ya vilima vya Buha. Aamin.